Nusu Siku kwa Mama Mdogo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na ile harufu imekuja nayo. Nguo za watu zinashinda kwenye kamba za ndani, na jioni nikizishika bado ni baridi, zinanuka kama kitambaa cha kudekia kilichosahauliwa kwenye ndoo. Mimi ni dobi. Uchafu wa watu nimeuzoea, lakini huu wa mvua sitauzoea mpaka nife.

Kaka amepita dukani na viatu vya matope, akasimama juu ya shuka nililokwisha kulipiga pasi, akatangaza kuwa safari imeiva. Tunampeleka Mama ng'ambo kumwona mdogo wake. Mama hajawahi kuvuka mpaka wowote. Mama Mdogo aliolewa huko nikiwa sijaanza shule, na tangu hapo amerudi mara mbili tu, zote misibani. Mama amekuwa akisema "nikipata nafuu ya magoti nitakwenda" tangu enzi ambazo magoti yake hayakuwa na shida yoyote.

"Ratiba niachieni mimi," Kaka akasema. Ana shule ya udereva, na anaongea na kila mtu kana kwamba ana breki ya ziada chini ya mguu wake.

"Shuka," nikamwambia.

"Shuka gani?"

Ndiyo huyo.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao kwa Mama. Kaka alikuja na mkewe na makaratasi. Kila akifungua ukurasa analamba kidole, analamba tena, mpaka pembe za karatasi zikalowa. Sikuweza kuyashika alipoyapitisha.

Miji mitano ndani ya siku tisa. Tunatua alfajiri, tunaweka mizigo, tunapanda mnara. Mchana makumbusho. Jioni mashua ya mtoni. Kesho yake treni ya saa kumi na mbili asubuhi. Mji wa pili, kasri. Mji wa tatu, daraja ambalo wifi ameshanunulia nguo ya kupigia picha. Inaendelea hivyo hivyo mpaka siku ya saba, na hapo, katikati ya bustani ya wanyama na duka kubwa la ghorofa sita, kumeandikwa: *Mama Mdogo, chakula cha mchana.*

"Nusu siku?" nikauliza. "Tunavuka nusu ya dunia tumwone mtu kwa nusu siku?"

"Mtu ni mtu, utamwona," Kaka akasema. "Lakini kasri lile liko moja tu."

Mama aliuliza jambo moja. "Na hapo tunapumzika wapi, baba?"

"Kwenye treni, Mama."

Mwanawe Kaka, ambaye mtaa mzima unamwita Mtanashati, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la Mama na viatu vyake, manukato yamejaa sebule mpaka chai ikawa na ladha ya sabuni. Yeye ndiye aliyekaa kwa Mama Mdogo mwaka mzima akisoma. "Bibi Mdogo hapendi msongamano," akasema huku anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. "Nusu siku inamtosha." Halafu akakiangalia kifuniko.



Jumanne, 12 Machi

Mvua. Soksi za timu ya mpira. Sina la kuandika.

Alhamisi, 14 Machi

Kuvu nyuma ya kabati. Weusi wenye manyoya. Nimekwangua, kesho utarudi.

Wifi ameleta masanduku mapya nimwone nayo. Matatu, rangi moja na viatu vyake. Mama hakununuliwa sanduku, atatia nguo zake kwenye la wifi, "zile chache."

Jumapili, 24 Machi

Naandika hili wakati gauni la Mama limelowekwa, na nikimaliza nitalifua kwa mkono, si kwa mashine.

Kaka alitaka leo tufanye majaribio. "Tumpime Mama kama ataimudu kasi," alisema, kama mtu anayepima gari kabla ya safari. Basi tukamtembeza Mama mjini kwetu humu humu: mnara wa saa asubuhi, soko la maua, halafu makumbusho, halafu bustanini, vyote kabla ya saa tisa, mvua ikinyesha na kuacha, kunyesha na kuacha. Kaka mbele ameinua mwavuli juu kama kiongozi wa msafara. Wifi anapiga picha. Mimi na Mama nyuma, amenishika mkono, na kila ngazi naisikia ikipita kwenye vidole vyake.

Makumbusho, ghorofa ya kwanza, Mama akaniambia polepole, "Choo kiko wapi?"

Nikamwita Kaka. "Mama anataka choo."

"Tumalize ghorofa hii, tumechelewa. Mama, dakika chache tu, eh?"

"Kaka, sasa hivi."

"Choo kiko chini, tukishuka tutapitia. Kwa nini turudi mara mbili?"

Mama akasema hakuna neno. Yeye ndivyo alivyo. Angeungua moto angesema hakuna neno. Tukazunguka vyungu, tukazunguka mikuki. Tulipoanza kushuka akasimama katikati ya ngazi, akashika reli kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Nilidhani ni magoti. Halafu nikaona maji yakishuka kwenye soksi yake, yakajaa kwenye kiatu, yakatiririka ngazi ya chini, na ngazi ya chini yake.

Watu walikuwepo. Mzee mmoja akageuza uso, Mungu ambariki. Lakini wifi, mke wa kaka yangu, ambaye Mama alimlelea watoto wote, aliuhamisha mkoba wake bega la pili na kujiziba pua kwa mtandio. Na Kaka akatazama saa.

Sijawahi kuchukizwa na watu hivi. Mikojo si kitu. Mimi mikojo naifua kila siku ya Mungu. Ile saa ndiyo iliyonitapisha. Ule mtandio.

"Nirudisheni nyumbani," Mama akasema.

Kwenye gari Kaka alitandaza magazeti kwenye kiti kabla Mama hajakaa. Aliyatandaza mbele yake, akayalainisha kwa kiganja, mpaka pembeni.

Nilimwogesha Mama, nikamsugua miguu. Halafu akasema, "Mimi nilitaka kumwona mdogo wangu. Majumba nimeyaona kwenye televisheni."

Jumatatu, 25 Machi

Nimemfuata Kaka kwenye uwanja wake wa mafunzo. Mwanafunzi alikuwa anazunguka mapipa kwa gia ya kwanza, na Kaka anampigia kelele, "Taratibu! Taratibu! Haraka ya nini?" Nilicheka vibaya sana.

Nikamwambia ratiba naipanga mimi. Nilitegemea vita. Akakubali upesi kupita kiasi, macho yako kwenye mapipa. "Badilisha utakavyo. Ila pale kwa Mama Mdogo usiguse. Chakula cha mchana, basi. Tumeshaelewana naye."

Nikadhani ni kiburi. Lazima abakishe kitu chake.

Jumatano, 3 Aprili

Wiki nzima napanga, katikati ya mafungu ya nguo. Nimeanza na magoti ya Mama, si na ramani. Siku ya kutua: hakuna kitu, kulala tu. Siku ya pili: kutembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, ili mwili ujue umefika. Baada ya hapo jambo moja kwa siku, kabla ya jua kupanda, na lisilo na ngazi. Mchana kulala. Katikati siku mbili nimeziacha tupu kabisa, kwa sababu mvua huko pia hunyesha na mtu huko pia huumwa tumbo. Mji mmoja tu, ule wa Mama Mdogo, na nyumba ya wageni mtaa wa pili kutoka kwake.

Wakala wa safari, msichana mwenye kucha ndefu kama vijiko, alikuwa anatafuna ubani mdomo wazi, nauona ukigeuka ndani kama nguo kwenye mashine. "Tiketi za treni zote mnarudisha? Shangazi, wateja wanataka kuona kila kitu."

"Mteja wangu anataka kuona mtu mmoja."

Akaacha kutafuna. Dakika moja, lakini akaacha.

Wifi amesema kama hakuna daraja, yeye haendi. Nimemwombea heri na masanduku yake.

Jumatano, 10 Aprili

Nimempigia simu Mama Mdogo. Nilitaka kumwomba atuongezee siku, Mama awe anashinda kwake. Nilishaandaa maneno matamu.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Mama yako mzima?"

"Mzima, ila magoti. Mama Mdogo, tukija, nilikuwa nafikiri badala ya siku moja..."

"Nilimwambia kaka yako," akanikata. "Mje mle chakula cha mchana, halafu mwende. Kwa heshima ya dada yangu. Zaidi ya hapo sitaki mtu wa nyumba ile chini ya paa langu."

Nikauliza, nyumba ipi.

Kisha akasema, "Hamkuambiwa."

Akaniambia. Mwaka ule Mtanashati alipokuwa kwake, yeye alilazwa, alipasuliwa tumbo. Aliporudi kutoka hospitali, na mshono bado mbichi, alikuta mlango wa chumba cha marehemu mumewe uko wazi. Ndani kuna mwanamume asiyemjua, ana povu shavuni, ananyoa kwa wembe wa marehemu mbele ya kioo cha marehemu. Mjukuu wake, huyu huyu Mtanashati, alikuwa amekipangisha chumba kile. Mpangaji huyu hakuwa wa kwanza. Nguo za marehemu zilikuwa kwenye mifuko ya taka uani, zimenyeshewa, zimeota kuvu, na paka wamezalia humo. Kile kitanda, alisema, hawezi kuniambia alikikutaje, maana mimi ni mtoto wake.

"Nikampigia kaka yako. Unajua alinijibu nini? 'Kijana ni kijana, Mama Mdogo, tusilikuze.'"

Sisi huku tuliambiwa amemaliza masomo. Tulimpokea kwa keki.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kubwa, uwanja umekuwa bwawa, Kaka amejificha ndani ya gari la mafunzo. Nikaingia kiti cha mwanafunzi, nikafunga mlango.

"Nimeongea na Mama Mdogo."

Wipa zinapiga. Mguu wake ukakanyaga ile breki yake ya ziada, gari limesimama.

"Kwa hiyo ile miji mitano," nikasema.

"Nilitaka asipate nafasi ya kuuliza," akasema. "Mama akichoka haulizi. Nikimjazia siku, ile nusu siku ataiona ni kubwa, atasema watoto wangu wamenionyesha dunia. Nilitaka... sikutaka ajue kuwa mdogo wake hamtaki."

"Hamtaki? Anakukataa wewe na mwanao. Mama ametenda nini?"

Akaanza kulia, na kamasi, bila kujifuta. Ukweli ni kwamba sikumwonea huruma. Niliona mtu aliyekuwa tayari kumchosha mama yake mpaka ajikojolee, ili mwanawe asiaibike. Nilifungua dirisha, mvua ikaingia, afadhali.

"Usimwambie," akasema. "Nakuomba kwa jina la Baba."

Nikafungua mlango, nikatoka mvuani.

Jumapili, 14 Aprili

Sijamwambia.

Jumatano, 17 Aprili

Sijamwambia. Mama anafuma sweta la mdogo wake, anauliza kama bado anapenda kijani. Nimesema anapenda. Mimi na Kaka sasa tunanuka harufu moja.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia. Nilianza kwa kuzunguka, Mama akaweka sindano chini. "Toa, mwanangu. Umekuwa kama mtu mwenye mfupa kooni wiki nzima."

Nikatoa yote. Wembe, mifuko, keki. Alisikiliza huku anaviringisha uzi. Mwisho akauliza, "Mdogo wangu alipasuliwa tumbo, na mimi sikujua?"

Hilo ndilo lililomkata. Wembe ulikuja baadaye.

Jioni Mtanashati akaja na mfuko wa matunda, manukato yakamtangulia uani. Mama alikuwa amekaa dirishani, wima, anaonekana kabisa kutoka nje. "Mwambie nimelala," akaniambia, bila kupunguza sauti. Nikatoka nikamwambia Bibi yako amelala. Alimtazama Bibi yake kupitia kioo cha dirisha, naye Bibi anamtazama bila kupepesa. Akaweka mfuko mlangoni, akaondoka. Mama akasema matunda yale yatupwe. Nikayatupa, na mimi hutupa chakula kwa shida sana.

"Safari?" nikamuuliza.

"Tunakwenda. Ratiba yako iache kama ilivyo. Kaka yako aje. Akikataa mwambie nimesema mimi."

Jumapili, 12 Mei

Tumetua. Ndege ilinuka soksi na mchuzi. Kaka hajasema maneno kumi tangu jana, amebeba sanduku la Mama, la kwake mwenyewe, nililomnunulia mimi. Tumelala mchana kutwa kama ratiba inavyosema. Chumba ni safi. Nimenusa mashuka, yamesuuzwa vizuri.

Jumatatu, 13 Mei

Mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kuna benchi mbele ya nyumba ya wageni. Mama amelipenda.

Jumanne, 14 Mei

Mama Mdogo alifungua mlango mwenyewe. Amekuwa mdogo wa umbo, ana uso wa Mama ulioachwa juani. Walipeana mikono. Ndugu wa tumbo moja, wakapeana mikono kama watu wa benki.

Meza ilikuwa imeandaliwa sahani nne na jagi la maji. Hakuna zulia, hakuna picha ukutani upande wa kile chumba, na mlango wake una kufuli jipya. Tulikaa. Akapakua kila mtu kiasi kilekile. Kaka akashika kijiko haraka.

"Weka," Mama akasema.

Akaweka.

"Mwambie Mama yako Mdogo tulichokuja nacho."

Kaka akakohoa. "Mama Mdogo, kwa yale yaliyotokea..."

"Usiseme yaliyotokea," Mama akasema. "Sema ni nini."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kaka, mtu wa miaka hamsini na kitu, jasho linamdondokea kwenye wali, alisema kimoja kimoja. Kwamba mwanawe alipangisha chumba cha marehemu. Kwamba nguo zilitupwa. Kwamba yeye alijua, akaambiwa mwaka uleule, akajibu tusilikuze. Kwamba alitudanganya sisi wote. Kila aliposimama Mama alisema, "Endelea." Alipofika kwenye kitanda akashindwa, na Mama Mdogo akamsaidia kwa maneno machache, kavu, na sasa sote tunajua, na natamani nisingejua.

Wali ulipoa, ukaganda mafuta juu. Mama Mdogo akasema, "Kuleni."

Tukala. Lilikuwa jambo la kuchukiza, kula baada ya maneno yale, lakini Mama alimaliza sahani yake punje kwa punje, nasi tukamaliza. Kisha akafungua mkoba, akaweka sweta la kijani kwenye kiti, akainuka.

"Tumeambiwa chakula cha mchana," akasema. "Tumekula. Asante, mdogo wangu. Pole ya upasuaji."

Mama Mdogo hakutuzuia. Tulisikia kufuli likigeuka kabla hatujafika ngazini.

Jumatano, 15 Mei

Siku tupu. Nilikuwa nimeiacha tupu kwa ajili ya kupumzika, sasa imekuwa tupu kweli. Kaka akauliza kama tumpeleke Mama akaone mnara, angalau. Mama akasema hapana, akaenda kukaa kwenye benchi. Nikakaa naye. Watu wanapita na mbwa wao, wanaokota mavi ya mbwa kwa vifuko, wanayabeba mkononi huku wanaongea na simu. Mama aliwatazama kwa makini sana. "Hee," akasema. Ndiyo maneno yake ya siku.

Alhamisi, 16 Mei

Benchi. Manyunyu. Nimekasirika na Mama Mdogo sasa, naandika nisije nikasema. Dada yako amevuka bahari na magoti yale. Kosa lake liko wapi? Nimeichukia mpaka ratiba yangu mwenyewe. Tungekuwa kwenye daraja saa hizi, tunapigwa picha kama watu wengine.

Ijumaa, 17 Mei

Asubuhi nilimfunika Mama shali, nikaenda kununua mkate. Kurudi, nikamwona Mama Mdogo amesimama mbele ya benchi, mikono kiunoni, mfuko wa soko umening'inia kwenye kiwiko. Amevaa sweta. Linambana mabegani.

Nilisimama nyuma ya gari lililoegeshwa. Sikutaka kusikiliza, lakini hawa wawili hawajui kunong'ona.

"Jirani yangu anasema kuna bibi anakaa hapa siku ya tatu leo. Nikasema atakuwa yule yule. Mmekuja mbali kote huko mkae kwenye benchi?"

"Ndiyo."

"Hamwendi kuangalia kitu?"

"Nilichokuja kuangalia kimenifungia mlango."

Mama Mdogo akaangalia juu, dirisha letu, ambapo Kaka alikuwa amesimama nyuma ya pazia akidhani haonekani. Akasonya, msonyo mrefu, wa kutoka tumboni, sijausikia mwingine kama ule.

"Unanuka dawa ya kuchua mpaka barabarani," akamwambia Mama.

"Na wewe hukunipa vipimo. Nimekufumia kwa mwili wa zamani."

"Linanibana."

"Naona."

Manyunyu yakaanza tena. Mama Mdogo akashusha mfuko chini, akajifuta uso kwa mkono wa sweta, si mvua aliyokuwa anafuta.

"Sogea," akasema.

Mama akasogea.